Mkutano wa Kambare Usio na Kibali

Kabla sijaanza, geuka uangalie nani amekaa nyuma yako. Hakuna mtu? Angalia tena. Katika nchi ninayotaka kukusimulia, ukisema hakuna mtu nyuma yako utaulizwa umejuaje.

Usiitafute kwenye ramani. Ramani zake zote zimefungiwa kabatini, na ufunguo anao mtu ambaye cheo chake ni siri. Lakini ni nchi nzuri, sina ubaya nayo. Ina mlima, ina mto, na ina Bwawa la Mkubwa, lililojengwa na Mkubwa kwa mikono yake mwenyewe akisaidiwa na vibarua elfu sita. Mkubwa ndiye kiongozi wetu. Jina lake nalijua, ila sina kibali cha kulitumia.

Mimi nilikuwa karani wa mihuri pale Mamlaka ya Bwawa. Karatasi ikija, nagonga. Sisomi. Nikikuambia huko mbele kwamba barua fulani ilisema hivi na hivi, elewa kwamba niliiona kwa bahati mbaya tu, maandishi yalikuwa makubwa.

Ukuta wa bwawa ulikuwa umefikisha miaka thelathini na hakuna aliyewahi kuukagua kwa chini. Kuukagua kungekuwa sawa na kumshuku Mkubwa, na Mkubwa ndiye mtu pekee ambaye nchi yetu haikuwa na idara ya kumshuku. Basi wahisani fulani wakatuletea zawadi ya mashine kumi na mbili za kuzama. Kila moja ilikuwa nyeusi, ndefu kama mlango, na mbele ina vijiti viwili kama sharubu. Siku ile ile walinzi wa geti wakaziita kambare, na jina likakaa. Jina rasmi lilikuwa refu zaidi: Vyombo Vinavyojiendesha Vyenyewe Chini ya Maji. Matata yote yalianzia hapo kwenye jina.

"Vyenyewe na nani?" aliuliza Bwana Fikirini.

Bwana Fikirini Chande alikuwa mkuu wa Idara ya Tahadhari, tawi la Bwawa. Idara nyingine kwetu zinashuku zikipata nafasi. Yake ilishuku kuanzia saa moja na nusu asubuhi, na mapumziko ya chai ilikuwa inashuku chai. Alikuwa mtu mwembamba, anavaa sweta hata jua likiwaka, na kwenye kikao kimoja alihama kiti mara tatu ili mtu asizoee alipokaa. Inasemekana kila Ijumaa alikuwa anajishuku mwenyewe, wakipokezana na naibu wake.

Aliyeulizwa swali hilo ni Mhandisi Stara Kidunda, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyekabidhiwa wale kambare kwa sababu ndiye pekee aliyefungua kitabu cha maelekezo. Karakana yake ilikuwa juu ya ukuta. Akisimama dirishani, upande mmoja anaona maji yote ya bwawa, upande wa pili anaona Bondeni, kule chini, nyumba za watu elfu nne, na ya tatu kutoka mtoni ni ya mama yake, Bi Asumini. Bati lake lilikuwa limepakwa rangi ya samli. Stara alikuwa na mazoea ya kulitazama lile bati kabla ya kuanza kazi, kama wengine wanavyotazama saa.

Akamweleza Bwana Fikirini kwa upole. Chini ya maji simu haifiki, redio haifiki, setilaiti ndiyo kabisa. Kinachofika ni sauti, nayo inakwenda taratibu na haibebi maneno mengi. Kwa hiyo huwezi kukaa ofisini ukawaambia kambare kumi na wawili geuka huku, geuka kule. Unawapa kazi, wanaigawana. Kila mmoja anamgongea jirani yake, jirani anamgongea wa mbele. Mmoja akiona kitu cha ajabu anawaita wenzake wote, wanakizunguka, wanakipima, na hawaondoki mpaka wakubaliane wameona nini.

Bwana Fikirini alihama kiti.

"Kwa hiyo wanaongea."

"Ndiyo, mzee."

"Chini ya maji."

"Ndiyo."

"Wao kwa wao, na sisi hatupo."

"Tukiwepo tutazama, mzee."

"Mwandike huyo," akamwambia msaidizi wake.

*

Serikali haikukataa zawadi. Serikali yetu haikatai kitu, inaweka utaratibu.

Kwanza ilionekana kwamba kambare hawana kiongozi. Stara alisema hawamhitaji, maana mmoja akipotea wengine wanaendelea na kazi. Maneno hayo yalifutwa kwenye kumbukumbu za kikao kwa sababu yangeweza kueleweka. Kambare Namba Moja akateuliwa kuwa Mwenyekiti, kwa vigezo vya kutolewa kwenye boksi wa kwanza, na Waziri wa Maji na Utulivu, Mheshimiwa Daktari Ngwembe, akaja kumwapisha. Aliambiwa anyanyue mkono wa kulia. Kwa kuwa hana mkono, pangaboi lake lilizungushwa kidogo na ikaandikwa kwamba ameapa kwa hisia.

Mheshimiwa alihutubia saa mbili na robo. Alisema taifa lililokuwa likitawaliwa juu ya ardhi tu sasa litatawaliwa na chini ya maji. Alisema kina si tatizo kwa serikali yenye kina. Alisema kuanzia siku hiyo hakuna kiumbe wala chuma kitakachogeuka ndani ya bwawa hilo bila kibali, na akatuomba tupige makofi kuelekea majini ili wahusika wasikie. Tulipiga.

Utaratibu wa kibali ulikuwa hivi. Kambare akitaka kugeuka anagonga ombi, ombi linafika kwenye boya, boya linalirusha ofisini, linachapwa nakala tatu, linakwenda kwa Mkurugenzi, likirudi nagonga muhuri. Siku ya kwanza Kambare Namba Nne aliomba kukata kushoto ili asigonge ukuta. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Mkurugenzi alikuwa kwenye semina ya matumizi bora ya muda. Alhamisi jibu likashuka majini: ombi lako la kukata kushoto limekubaliwa kimsingi. Namba Nne alikuwa na siku tatu pua iko kwenye tope. Kwenye ripoti ya wiki niliona, maandishi yalikuwa makubwa, imeandikwa: amefika.

Stara akaenda kulalamika, akarudi na afueni. Kambare wangeruhusiwa kugeuka wenyewe, kwa sharti moja tu: waingizwe kwenye utaratibu wa nyumba kumi.

Pengine kwenu hakuna. Kwetu kila nyumba kumi zina mjumbe, na mjumbe ana daftari. Mgeni akija anaandikwa: jina, anakotoka, amefuata nini, anaondoka lini. Unaweza kuiba, unaweza kupigana, utaonywa. Lakini mgeni asiyeandikishwa, hapo umeanguka. Kuna jamaa alilala ndani wiki mbili kwa sababu mkewe alijifungua na yeye hakwenda kumwandikisha mtoto kabla hajawasili.

Kambare Namba Saba akafanywa mjumbe, awe anataarifu wenzake wako wapi na wanafanya nini. Kesho yake Bwana Fikirini akamshuku Namba Saba, akamweka Namba Nane amchunge. Keshokutwa akamshuku Namba Nane. Mpaka wiki inaisha, kila kambare alikuwa anamripoti kila kambare, mfululizo, bila kupumzika.

Na hapo, samahani kwa kusema, wakafanya kazi vizuri ajabu. Stara aliniambia hicho ndicho alichokuwa anakiomba tangu mwanzo, kila mmoja ajue mwenzake yupo wapi, ila aliomba kwa jina la kihandisi ndiyo maana alinyimwa.

*

Aliyeuona ni Namba Nne. Tope alishalizoea. Alikuwa anapita mguuni pa ukuta, upande wa kushoto, akauona ufa, akawaita wenzake. Wakaja wote, kasoro mmoja.

Idara ikaanza kupokea ripoti kumi na moja zinazofanana: wenzangu wote wako ukutani, kushoto, chini kabisa. Na mwisho wa kila ripoti kulikuwa na namba. Siku ya kwanza nne. Siku ya pili sita. Siku ya tatu tisa. Zilikuwa milimita. Stara aliliandika hilo kwenye barua, ila Bwana Fikirini hasomi barua za watu waliowahi kuandikwa.

Yeye alikuwa ameshafungua jalada. Sheria yetu inasema zaidi ya watano wakikusanyika bila kibali ni kosa, na hawa walikuwa kumi na mmoja. Wa kumi na mbili ni Mwenyekiti, aliyebaki katikati ya bwawa akisubiri aletewe taarifa rasmi. Kuhusu zile namba, Bwana Fikirini alitueleza kwenye kikao, akiwa kiti cha pili, kwamba ni wazi wanachama wanaongezeka.

Amri ya kutawanyika ikagongwa majini. Kambare wakatawanyika. Baada ya saa moja wakarudi, maana ndivyo kazi yao ilivyo, kitu kibaya hakiachwi bila kupimwa tena. Wakatawanywa mara ya pili, wakarudi. Mara ya tatu wakaletwa askari, wakasimama juu ya ukuta, wakapiga mabomu matatu ya machozi kwenye maji. Walengwa hawakulia. Walilia askari, upepo ulikuwa wa kurudi.

Stara akaandika ripoti yake kwa Mkurugenzi, neno kubwa juu: UFA. Mkurugenzi alimwita ndani, akafunga mlango, akafunga dirisha, akauliza kwa sauti ya kuomba msamaha, "Mhandisi, huu ukuta ni wa nani?"

"Wa Mkubwa."

"Sasa nani ana ufa?"

Ripoti ikarudi kwangu ikiwa na neno moja limekatwa kwa wino mwekundu na jipya limeandikwa juu yake. Chini kulikuwa na jibu: nafasi ya kupumulia ya ukuta imepokelewa na inafanyiwa kazi. Nikagonga.

Siku hiyo namba ilikuwa kumi na mbili. Mstari wa namba zile hauhitaji shahada kuufuata. Stara alichukua penseli, akachora kwenye bahasha, akaniambia ukuta hautafika Alhamisi. Ilikuwa Jumatatu, saa tano asubuhi. Alisimama dirishani akitazama lile bati la rangi ya samli, halafu akachukua mkoba wake akashuka Bondeni kwa miguu.

*

Niliyasikia baadaye kutoka kwa Stara mwenyewe, na mengine kutoka kwa mama yake, na yote mawili yanalingana, jambo ambalo kwetu ni la kutilia shaka.

Bi Asumini alikuwa barazani anachambua choroko. Ni mama mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, na pembeni yake lilikuwepo daftari. Ndiyo, alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, mwaka wa kumi na tisa sasa, na hakuwahi kukosa mgeni hata mmoja.

Stara akamwambia kila kitu. Ufa, namba, penseli. Akamwambia mama hama, na wahamishe na wengine, watakusikiliza.

"Nani kasema?" akauliza Bi Asumini.

"Mimi, mama."

"Wewe ni nani serikalini?"

"Mhandisi wa bwawa."

"Una muhuri?"

"Sina."

"Basi kunywa chai, mwanangu. Umekonda."

Stara akabembeleza. Akalia hata. Bi Asumini alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta daftari, akalowesha kidole, akaandika pole pole huku anatamka: Stara Kidunda. Anatoka bwawani. Amefuata kueneza uvumi. Anaondoka leo.

"Mama, unaniandika mimi?"

"Nisipokuandika mimi atakuandika mwingine, na mwandiko wake mbaya." Akarudi kwenye choroko zake. "Wewe unajua maji, sikatai. Mimi najua serikali. Ikitaka nihame itakuja na gari. Na itakuja ikikimbia, maana ikiwa na hofu haijui kutembea."

Stara akausoma ule mstari wake kwenye daftari, kisha ya wageni wengine juu yake. Halafu akainywa chai yote, akambusu mama yake kichwani, akapanda mlima.

*

Jumanne saa tatu asubuhi alibisha hodi Idara ya Tahadhari. Mimi nilikuwepo, nimepeleka mihuri ikasafishwe. Ubaoni kwa Bwana Fikirini kulikuwa na picha za kambare wote kumi na wawili, zimepigwa kwa mbele, na nyuzi nyekundu zimetoka kila pua kwenda kila pua.

"Mzee," Stara akasema, "ule mkutano unahama."

Bwana Fikirini akakaa. Kisha akahamia kiti kingine. "Unahamia wapi?"

"Bondeni. Kuna wageni wanashuka kwenda huko."

"Wangapi?"

"Siwezi kuhesabu. Wanatoka huku juu, watashuka kwa pamoja. Hakuna hata mmoja aliyeandikishwa."

Bwana Fikirini akavua sweta. Nilikuwa sijawahi kumwona bila sweta, na nakuambia ni mtu wa kawaida kabisa.

"Wamefuata nini?"

"Hawajasema, mzee. Ila wataingia kila nyumba."

"Kila nyumba?"

"Bila hodi."

Hilo la hodi ndilo lililompata. Alisimama, akatazama ubao, akatazama mlango, akamtazama Stara kwa jicho lile ambalo watu wamewahi kukiri mbele yake makosa ya jirani zao. "Na wewe umejuaje?"

Hapo ndipo maisha ya watu elfu nne yalipokaa, kwenye swali hilo moja. Nikaona mkono wa Stara umeshika ukingo wa meza.

"Kambare ndio wamewataja," akasema. "Na leo namba imefika kumi na tisa."

Bwana Fikirini akaangalia ripoti. Kumi na tisa kweli, mara kumi na moja. "Lini?"

"Kesho mchana. Mzee, nakuomba. Yaweza kuwa mapema zaidi."

Sasa lazima uijue desturi ya Idara. Mkutano usio na kibali hausubiriwi ufanyike ndipo uvunjwe, hiyo ni kazi ya polisi na ni ya kizamani. Idara inawaondoa wahudhuriaji kabla hawajahudhuria. Wageni wakifika wanakuta hakuna wenyeji, mkutano unakosa akidi, unakufa wenyewe. Mbinu hiyo ilibuniwa na Mkubwa, na katika mikoa miwili ilifanya kazi vizuri mno hata mikoa yenyewe ikafutwa.

Amri ikachapwa pale pale: wakazi wote wa Bondeni wapelekwe Uwanja wa Mkubwa, juu kilimani, ifikapo Jumatano asubuhi. Na kila mkazi awe na kibali chake cha kuhamishwa, chenye muhuri. Elfu nne na ushee. Niligonga kwa mkono wa kulia mpaka adhuhuri, nikahamia kushoto. Muhuri mmoja ulivunjika ukafa kazini. Sikusoma hata kimoja.

*

Malori yaliingia Bondeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yanakimbia. Afande aliyeongoza alikuwa na kipaza sauti na akasema maneno machache: kila mtu aondoke, hakuna maswali, mkutano umepigwa marufuku. Watu wakaulizana mkutano gani, na wakaulizana kwa kunong'ona, maana kuuliza nako kungeweza kuonekana ndio mkutano.

Bi Asumini alitoka nje, kanga kiunoni.

"Mkutano gani, baba? Mimi wiki hii hata kikoba sikwenda."

Afande akampa kibali chake. Bi Asumini akakiinua kwenye mwanga, akaugeuza muhuri, akaukwaruza kidogo na ukucha. Kisha akaingia ndani, akatoka na daftari, sufuria ya choroko, na kuku wawili, na ndani ya nusu saa alikuwa amesimama juu ya tela la lori anaita majina ya nyumba kumi zake moja moja. Wajumbe wengine walipomwona nao wakaanza kuita. Kwa nchi ambayo haijawahi kumaliza foleni ya mchele bila ngumi, lilikuwa jambo la kupendeza.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja aliyejifungia, anasema hatoki, ana nguo za watu. Afande akamwambia kupitia tundu la ufunguo kwamba akibaki peke yake atahesabiwa ndiye mwenyeji wa mkutano. Alitokea dirishani na cherehani yake mkononi.

Saa tano Bondeni palikuwa kimya. Idara yenyewe haikushuka. Idara haiingii mahali, inaangalia. Bwana Fikirini na vijana wake saba walijificha juu ya kilima cha pili na darubini, wamevaa matawi, wakisubiri wageni waingie mtegoni. Stara alikuwa uwanjani amekaa karibu na mama yake, na mama yake alikuwa anachambua choroko zilizobaki, hamsemeshi.

Saa saba na dakika kumi, nafasi ya kupumulia ikapumua.

Sina kejeli ya kuweka hapa. Kwanza ulisikika mlio kama wa lori linalomwaga kokoto, ila haukwisha. Halafu upande wa kushoto wa ukuta ukakaa chini, kama mtu aliyechoka. Maji yakaingia Bondeni. Yaliingia nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na lile bati la rangi ya samli likanyanyuka, likazunguka mara moja, likaenda zake. Watu elfu nne walisimama uwanjani. Waliokuwa na watoto waliwahesabu, kisha wakarudia kuwahesabu.

Kumbukumbu za Bwana Fikirini za siku hiyo ninazo, niliziona wakati nagonga. Zinasema: saa saba na dakika ishirini na nne, wageni wameingia. Idadi, wengi. Sare, kahawia. Hodi, hakuna. Halafu mwandiko unakatika, na ukurasa uliobaki ni mweupe.

Bi Asumini alifungua daftari kwenye mapaja. Akaandika: Maji. Yanatoka bwawani. Yamefuata, akaacha wazi. Yanaondoka lini, hayajasema. Kisha akarudi ukurasa mmoja nyuma, kwenye mstari wa Jumatatu, akakata maneno mawili kwa uangalifu, na juu yake akaandika: kumwona mama.

*

Serikali ilishtuka sana. Maafa imeyazoea, ina hotuba za rambirambi za kila ukubwa, zimepangwa kwa idadi. Lakini hii haikuwa na marehemu. Mheshimiwa Daktari Ngwembe alisimama mbele ya watu elfu nne na ushee wakiwa hai, akapekua karatasi zake, akasema anaungana na wafiwa popote walipo.

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Sababu za Kutokufa Mtu. Hoja yake ilikuwa nyepesi: aliyewaondoa watu alijua, na aliyejua kabla ndiye aliyefanya. Ukuta wa Mkubwa hauwezi kubomoka bila kushawishiwa.

Wa kwanza kuitwa ni Stara. Mwenyekiti wa Tume alimuuliza nani alimwambia kwamba maji yanakuja.

"Sikusema maji, waheshimiwa," akajibu. "Niliposema ufa mlikata kwa wino mwekundu. Niliyosema yakasikika ni wageni."

Karatasi zikaletwa. Zikasomwa. Ni kweli, neno maji halikuwepo popote. Tume ikanong'onezana. Nje ya mlango gari la Idara lilikuwa linanguruma, tayari kumchukua mtu, haijaamuliwa nani. Bi Asumini alikuwa amekaa benchi la nyuma na daftari lake.

Ndipo akaitwa Bwana Fikirini. Njia alikuwa nazo mbili. Aseme alidanganywa na mhandisi, na Idara haijawahi kudanganywa tangu ianzishwe. Au aseme alijua, na aliyejua ndiye aliyefanya. Alisimama. Kwa mara ya kwanza hakutafuta kiti kingine. Akamtazama Stara, akamtazama yule mama mfupi mwenye miwani ya uzi, akakohoa.

"Idara haikujua," akasema. "Idara haikuambiwa. Idara ilinusa."

Tume ikapumua. Kunusa hakuna kifungu. Bwana Fikirini akapewa Nishani ya Pua, daraja la pili, la kwanza analo Mkubwa. Kambare kumi na mmoja walitolewa matopeni kule Bondeni wakiwa wamebanana mahali pamoja, wakaonywa kwa maandishi. Mwenyekiti wao hajaonekana mpaka leo na ameteuliwa tena.

*

Wiki mbili baadaye Stara alikuwa karakana ya muda, anamsugua Namba Nne tope kwa brashi. Mimi nilikuwa mezani na muhuri mpya. Bwana Fikirini akaingia peke yake, kwa miguu, nishani iko ndani ya sweta. Akakaa, akahama, akahama tena, akaishia juu ya ndoo.

"Sikuulizi ulijuaje," akaanza.

"Asante, mzee."

"Kule kusini. Bwawa la Mama Mkubwa." Hilo ni bwawa la mke wa Mkubwa, lilijengwa mwaka mmoja baada ya la mumewe, na vibarua wale wale. "Kambare wa kule wamekusanyika?"

"Kule hamkupeleka kambare, mzee. Wahisani walikuwa wanawaleta, nyinyi mkawanyima viza."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

Bwana Fikirini akageuka akaangalia nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Akaangalia tena.

"Mama yangu anakaa chini yake," akasema. "Nimemwambia ahame, hataki. Ni mjumbe. Kaniandika."

Brashi ya Stara ikasimama. Yule mzee akaingiza mkono ndani ya sweta, akatoa karatasi nyeupe iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya mgongo wa Namba Nne, akaweka na kalamu.

"Andika wamekusanyika."

Stara akaandika. Nami nikagonga. Sikusoma.